Mchicha Katika Shamba la Mzee Vernon

Iowa, Marekani
Mwishoni mwa Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe yake akishaamka, maana najua utakapokuwa unasoma hapa atakuwa bado amelala baada ya kutoka lindo. Kifundo chake cha mguu kimepona? Mto bado una maji ya kutosha kumwagilia, au mmeshaanza kuchota kisimani kwa Mama Neema? Mie ni mzima. Nakula, nalala, na mashavu yameongezeka mpaka ile picha ya pasipoti sasa inaonekana kama ya mdogo wangu.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati tuliongea Jumapili. Ukweli ni kwamba kwenye simu siwezi. Wewe ukipokea kwenye simu ya Mama Neema unaweka spika, basi nasikia mwenyewe anaitikia, wateja wa mboga wanaitikia, na mwenye bodaboda asiyenijua kabisa ananiuliza kama huku kuna baridi. Nikisikia watu wengi hivyo naishiwa maneno, nasema niko salama, yanaisha. Ninalotaka kukueleza leo ni refu na lina aibu ndani yake. Lisome peke yako kwanza. Ukimaliza ukaamua kuwasomea wengine hapo bondeni, sawa tu, nitakuwa mbali.

Kama unavyojua, usharika ulionialika ulinipangia kukaa mwaka mmoja kwa Mzee Vernon na mkewe, Mama Carol. Wanalima mahindi na soya. Ukisimama mlangoni kwetu Kinyerezi ukaambiwa shamba linaanzia hapo na linaishia Segerea, na katikati hakuna nyumba hata moja, ndilo hilo. Trekta lina ngazi ya kupandia. Mzee ana miaka sabini na kidogo, anavaa kofia ile ile siku zote, na haongei. Si mkali, haongei tu. Akipishana na gari barabarani anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na hapo habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi zote zimekwisha. Mtu kama mie nilijiona nimefika kwetu.

Yupo pia Bibi Edna, mama yake Mzee, mwenye miaka tisini na moja, ambaye hasikii vizuri. Wiki ya kwanza nilimfundisha shikamoo na marahaba. Shikamoo ameisahau. Marahaba ameishika, na anamjibu kila mtu, hata anayeleta barua, hata simu ikilia.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mzee na Mama Carol huniweka kiti cha nyuma tukazunguka taratibu kwenye barabara za vumbi. Waliniambia ni matembezi. Kumbe ni ukaguzi. Wanatazama mashamba ya watu. Shamba likiwa safi, Mzee anasema, "Hm." Likiwa na magugu, Mzee ananyamaza, na Mama Carol anasema kwa sauti ya huruma, "Labda anaumwa." Mama, sijasikia tusi kubwa kuliko hilo tangu nifike. Huku mkulima mwenye afya haachi gugu lionekane barabarani, na jina la mtu linasomwa kwenye mistari yake ya soya. Nilikaa nyuma nikajifunza, lakini sikujifunza ya kutosha.

Siku hizi magugu mengine yamezoea dawa. Wanapiga, hayafi. Kwa hiyo mwezi wa saba familia huingia shambani kung'oa kwa mikono. Mzee alinipa kipande changu mwenyewe, kile kilicho kando ya barabara ya kanisani. Akanipa glovu. Akang'oa gugu moja lenye majani mapana na laini kama kitambaa, akanionyesha. Akang'oa mhindi uliojiotea katikati ya soya, akanionyesha. Kisha akasema, "Na mengine kama hayo. Wewe ni mtoto wa mkulima. Unalijua gugu ukiliona."

Nikaitikia kwa kichwa. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyokuwa amenipa tangu nifike, nami sikutaka kuyaharibu kwa maswali.

Nikaingia mstari wa kwanza, Mama, nikakutana na mchicha.

Ulikuwa ule mchicha pori wenye majani membamba. Umesimama katikati ya soya, mbichi, haujaguswa hata na mdudu. Nilichuchumaa nikaushika jani. Nilikuwa sijauona tangu nitoke nyumbani, maana hapa mboga za majani ni zile za kwenye mfuko, zinaliwa mbichi na maji ya limao. Nikainua macho, nikaona mwingine mbele, na mwingine, hadi mwisho wa mstari. Nikajisemea, kumbe Mzee Vernon naye anachanganya mazao, kama wewe unavyochanganya mchicha na mahindi. Nikamheshimu zaidi.

Basi nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote, siku nne. Niling'oa kila kisichokuwa soya wala mchicha. Miche ya mchicha ilipobanana, nilitoa iliyo dhaifu na kuacha yenye afya ili ipate nafasi. Iliyofika magotini niliikata vilele ichipue matawi pembeni, kama ulivyonifundisha. Ikachipua, Mama. Sijui ardhi ya huku ina nini. Kila nilipokata kilele kimoja, yalitoka matawi matano.

Siku niliyomaliza, Mzee alinikuta natoka na gunia la magugu. Akalitazama, akasema, "Hm," ile nzuri, akaingia kwenye gari. Binti yao anayeishi jimbo jingine alikuwa amejifungua, na yeye na Mama Carol walikwenda kumwona mjukuu kwa wiki mbili. Mie nikabaki na Bibi Edna, na jirani mmoja, Bwana Roger, ambaye Mzee alimwambia tu kwamba wanasafiri, akaahidi kutuchukua Jumapili kwenda kanisani.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, watu walinizunguka. Wakaniuliza Vernon anaendeleaje. Nikasema vizuri, asante. Wakatazamana. Mama mmoja akanishika bega, akasema Mungu ni mwema. Nikakubali kuwa ni mwema.

Jumatatu likaja bakuli la kwanza. Huku mtu akipata matatizo majirani hawaji kukaa naye kama kwetu. Wanaleta chakula cha kuoka kwenye bakuli la kioo, jina limebandikwa chini ili lirudi kwa mwenyewe, na wanaondoka. Jumanne yakaja mawili. Tambi na jibini. Viazi na jibini. Nyama ya kusaga na viazi, na juu yake jibini. Nilipokea, nikashukuru, nikaona aibu kuuliza ni ya nini. Nilidhani ni kwa sababu ya mjukuu. Mama Carol alipopiga simu nikamwambia watu wanaleta chakula, naye akadhani ni kwa sababu ya mjukuu, akafurahi. Bibi Edna aliwaitikia wote marahaba. Bwana Roger akaja na mashine yake akafyeka majani kuzunguka nyumba bila kuombwa, akainua kidole, akaondoka.

Wiki ya pili alikuja Mama Gladys, yule anayepiga kinanda kanisani. Huyo angalau alisema neno. Alisema wamekiona kipande cha kando ya barabara, wanaelewa, na Vernon asijisumbue nacho. Mie nikajua anakisifu. Nikamwambia asante, nilikifanya mwenyewe. Alinitazama, macho yakamjaa machozi, akanikumbatia muda mrefu. Bakuli lake lilikuwa la kumi na moja, na friza haikufunga tena.

Jumamosi wenyewe wakarudi. Mama Carol alifungua friza, akasimama pale na mlango mkononi. Mzee alikuwa amechoka kwa kuendesha, akala, akalala.

Jumapili asubuhi tukapanda gari wote wanne kwenda kanisani, kwa barabara ile. Tulipofika kwenye kipande changu, gari likasimama katikati ya njia.

Mama, mchicha ulikuwa umependeza. Nakuambia kama mtu wa bondeni. Ulikuwa umeipita soya, unafika kifuani, mashina mekundu, matawi kila upande, umepangwa kwa nafasi sawa kama tuta lako la mwisho kule karibu na mto. Na juu ulikuwa umeanza kutoa mashuke ya mbegu. Mama Carol akasema, "Oh, Vernon," akageuka taratibu kunitazama, nikaona usoni mwake kwamba ameshajua ni nani.

Mzee hakugeuka. Aliuliza akitazama mbele.

"Uliuacha wote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ni mboga."

Kisha akauliza, "Na matawi haya yote?"

"Niliukata vilele."

Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani na kushusha pumzi. Mama Carol ndiye aliyenieleza, kwa upole, kama anayetoa habari ya msiba. Kwamba hakuna kitu kwenye shamba hili kinachochukiwa kama huo. Kwamba baba yake Mzee alipigana nao, Mzee amepigana nao maisha yake yote, na sasa hata dawa haiuui. Kwamba mche mmoja ukidondosha mbegu, mtu atang'oa watoto wake mpaka azeeke. Na kwamba hizi mbegu ziko karibu kudondoka.

Hapo ndipo nilipoyaelewa mabakuli yote kumi na moja kwa mpigo mmoja. Shamba la Vernon lina magugu barabarani, wiki mbili, na Vernon mwenyewe haonekani. Labda anaumwa. Nilitamani kiti kinimeze.

Tulipoingia kanisani watu walisimama. Walimpa Mzee mikono kama mtu aliyerudi kutoka kwa wafu. Mmoja alimpisha kiti cha karibu na mlango asitembee sana. Huku ibadani kuna muda ambapo mchungaji huuliza nani ana shukrani au ombi, na mtu husimama akasema. Bwana Roger akasimama akamshukuru Mungu kwa kumrudisha rafiki yake Vernon akitembea kwa miguu yake.

Kanisa zima likamtazama Mzee. Nami nikamtazama. Nilijua kwamba neno moja tu lingemsafisha. Angesema, si mie, ni huyu mtoto wa Kiafrika, hakujua. Wote wangemwelewa. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni. Akasimama nusu, akasema, "Asanteni. Najisikia nafuu." Akakaa.

Mama, huyo ni mtu ambaye Mama Carol akimuuliza kama keki ni tamu, anafikiri kwanza ili asiseme uongo. Na alikuwa ameongopa kanisani, mbele ya madhabahu, kwa ajili yangu. Angebaki mgonjwa kwenye midomo ya watu hadi mavuno, na jina lake lingebaki hivyo hivyo, ili mie nisione aibu.

Unanijua. Unajua darasa la saba nilishindwa kusoma risala ya mistari sita, Mwalimu akaisoma yeye. Lakini nilisimama.

Nikasema, "Mzee Vernon haumwi. Hajaumwa hata siku moja. Ule mchicha ni wangu. Aliniambia nitoe magugu, nami sikujua kwamba ni gugu. Kwetu ni chakula. Mama yangu anaulima, anaumwagilia asubuhi na jioni, na ndio ulionisomesha mpaka nikamaliza shule. Sikuweza kuung'oa. Naomba msamaha, na naomba msiseme kwamba shamba lake ni chafu. Mie ndiye niliyelichafua."

Nikakaa. Nikasikia feni ya juu ikizunguka. Kisha Bibi Edna akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia, "Amesema nini?"

Akauliza tena. Ikabidi Bwana Roger ainame na kupaza sauti. "Anasema Vernon haumwi."

"Najua haumwi. Na nini kingine?"

"Anasema lile gugu la kando ya barabara linaliwa."

Bibi Edna akafikiri. "Basi mngelikula," akasema. "Miaka yote hii."

Aliyeanza kucheka ni Mama Gladys, kwenye kinanda, na mkono ukamdondokea kwenye vitufe vikalia. Kisha likacheka kanisa zima. Mchungaji alivua miwani kujifuta. Mzee Vernon hakucheka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na nilimwona akimpokea Mama Carol leso.

Mchana huo hatukwenda ukaguzi. Tulipofika shambani kubadilisha nguo, pikapu tatu zilikuwa zimeshaegeshwa barabarani, na nyingine zinakuja. Hakuna aliyesema amekuja kusaidia. Walisema wamepita tu, na wote walikuwa na glovu. Tuliingia mistari kwa mistari. Mzee akanifundisha kuushika chini kabisa, kuuvuta na mizizi yake yote, na kuuweka kwenye gunia mashuke yakiwa juu, zisidondoke mbegu. Nilivuta ule wa kwanza na roho ikaniuma, sikufichi. Wa pili pia. Kuanzia wa kumi nilikuwa nang'oa kama wengine. Mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli mama yangu anaumwagilia. Nikamwambia asubuhi na jioni, na mbolea ya kuku anaweka. Akasimama akaangalia mbali, kisha akaendelea kung'oa.

Jioni kipande changu kilikuwa soya tupu. Mama Carol alipasha moto mabakuli yote kumi na moja, tukala nje, kila mtu akala chakula chake alichokuwa amemletea Vernon.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini kanisani wana chakula cha pamoja mwezi ujao, na Mama Gladys alipopitisha karatasi ya nani ataleta nini, Mzee aliichukua akaandika jina langu, na mbele yake: mchicha. Nilimwambia siwezi kutumia wa shambani, una dawa. Akasema, "Hm." Kesho yake akaenda mjini peke yake, akarudi na kitu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kilikuwa kipakiti cha mbegu za mchicha wa bustani. Alikuwa amezinunua dukani, Mama, kwa pesa yake. Mama Carol alicheka mpaka akakaa chini.

Alitengeneza tuta nyuma ya banda la kuku na kupanda mwenyewe, kwa kamba, mistari imenyooka kama rula. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya nane hakuna kitu. Kila asubuhi alikwenda kusimama pale, mikono nyuma. Kitu alichoshindwa kukiua miaka hamsini kilikuwa kimekataa kumwotea.

Nilijua sababu tangu siku ya kwanza. Alikuwa amezizika kama soya, kidole kizima chini. Lakini nitamwambiaje mzee wa miaka sabini, mwenye trekta la ngazi, kwamba hajui kupanda? Nilikaa na hilo neno siku nane. Asubuhi ya tisa nikamfuata pale kwenye tuta, nikamwambia, "Umezika chini sana. Mbegu hii haizikwi, inanyunyizwa."

Alinitazama. Kisha akavua kofia, sikuwahi kumwona bila kofia nje ya kanisa, akasema, "Nionyeshe."

Nikachanganya mbegu na mchanga kama wewe, nikamwagia kiganjani mwake, nikamwonyesha namna ya kuzinyunyiza kwa kutikisa vidole. Alinyunyiza kama mtu anayeweka chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Tukafunika kwa majani makavu. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Ijumaa, kabla sijamaliza chai, alikuja mlango wa jikoni akasema, "Njoo." Mama, umeota. Umeota mwingi mno, umebanana.

Msalimie Baba, mwambie nimejifunza kuendesha trekta dogo, lakini asiwaambie wenzake lindoni kwamba ni kubwa. Msalimie Baraka, mdogo wangu, na umkumbushe kwamba kitanda changu alichokihamia ni cha kuazima. Bibi mzaa Baba kule Singida mpe shikamoo zangu ukipiga simu, na Mama Neema umwambie simu yake inasikika vizuri mno.

Na sasa nina swali ambalo si langu. Mzee anataka kujua miche ipunguzwe siku ya ngapi, na iachwe umbali gani. Nimemwambia jibu, maana ulinifundisha. Ameniambia hana shaka nami, ila angependa kulisikia kutoka kwa mkulima mwenyewe. Amepima tuta kwa futi, ameandika vipimo nyuma ya karatasi hii kwa mkono wake. Tafadhali mjibu upesi, Mama. Tangu asubuhi amesimama pale na hajagusa mche hata mmoja.

Mwanao akupendaye,
Tumaini